Bukoba: Bandari Iliyoifuata Migomba

Mkaaji wa Kashai, kata ya mjini Bukoba, hahitaji saa ili ajue kwamba meli ya Mwanza imetia nanga. Alfajiri bodaboda huteremka kuelekea ziwani kwa mkupuo, kisha hurudi na abiria waliokesha usiku kucha majini, mabegi magotini, macho mekundu. Jioni mambo hugeuka. Mikungu ya ndizi iliyoshushwa kutoka vijijini hupangwa, hufungwa na kubebwa mabegani hadi gatini, kwa sababu Mwanza wanakula ndizi ila migomba ya kuwatosha wanayo Wahaya. Nimeyatazama mapito haya miaka mingi, na naamini anayetaka kuielewa Bukoba aanze na mkungu huo, ndipo aende kuliangalia boma la Wajerumani.

Tazama ghuba yenyewe. Mbele yake kuna kisiwa cha Musira, lakini hakitoshi kuzuia mawimbi. Upepo ukivuma kutoka mashariki, maji hupiga ufukweni bila kizuizi. Nahodha aliyepewa uhuru wa kuchagua mahali pa kujenga bandari angeipita Bukoba akatafute ghuba iliyojificha, na ndiyo maana baadaye Kemondo, kusini kidogo, ilichukua sehemu kubwa ya kazi ya mizigo. Bukoba ilichaguliwa kwa sababu ya kile kilichokuwa juu ya miamba, nyuma ya ufukwe: falme za Wahaya, vibanja vya migomba vilivyosongamana, na watu wengi wenye chakula cha uhakika.

Aliyekita boma hapa Novemba 1890 ni Emin Pasha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Isaak Eduard Schnitzer, daktari kutoka Oppeln, Silesia, ambaye aliwahi kuwa gavana wa jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri. Miezi michache kabla hajafika, tarehe 1 Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walikuwa wametia saini Mkataba wa Heligoland na Zanzibar, na Uganda ikawa ya Waingereza. Boma la Bukoba likasimama kusini kidogo ya mpaka huo mpya, mahali ambapo Mjerumani angeweza kuitazama Buganda kwa macho bila kuishika kwa mkono. Emin hakukaa. Aliendelea magharibi, na mwaka 1892 akauawa Kongo. Jina la Bukoba, wazee husema, limetokana na Bakoba, watu waliokuwa hapa kabla ya Emin na waliobaki alipoondoka.

Miaka minane baada ya Bukoba, bendera ileile ya Ujerumani ilipandishwa rasmi Qingdao, kwenye pwani ya China. Huko Qingdao, Berlin ilimwaga fedha: bandari ya kina kirefu, reli ya kwenda Jinan, kiwanda cha bia ambacho hadi leo kinaendelea kutengeneza bia. Bukoba haikupata hata sehemu ndogo ya hayo. Ilipata boma, bendera na, kuanzia 1906, Rezidenti aliyetawala kupitia abakama, yaani wafalme wa Kihaya, kama vile Kahigi wa Kianja na Mutahangarwa wa Kiziba. Wachina walinyang'anywa mji wakajengewa mwingine. Wahaya waliachiwa falme zao, ila kila mkama alikumbushwa kwamba kiti chake kilikuwa na miguu miwili Berlin. Sijui ni dhuluma ipi kati ya hizo huchelewa zaidi kupona.

Na reli? Reli ya Bukoba ilikuwa ya watu wengine. Mwisho wa 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na meli za Waingereza kama Winifred na Sybil zikaanza kuzunguka ziwa. Ngozi na kahawa za koloni la Ujerumani zikawa zinavuka maji kwenda Kisumu, kisha Mombasa.

Hapa lazima nikae kidogo kwenye kahawa, kwa sababu kuna uongo uliozoeleka kwamba mkoloni ndiye aliyeileta. Kahawa ya robusta ilikuwa Buhaya vizazi vingi kabla ya Emin, ikikua kivulini mwa migomba. Haikuwa ya kunywa. Ilichumwa ikiwa mbichi, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa, na mgeni alipoingia ndani ya msonge alipewa punje za kutafuna kabla ya kuulizwa alilolijia. Wanaume wawili waliotaka kuwa ndugu waligawana punje mbili za tunda moja zilizotiwa damu zao. Abakama walidhibiti nani apande mibuni mipya, kwa hiyo mti wenyewe ulikuwa alama ya heshima. Alichofanya mkoloni ni kuchukua kitu cha udugu na ugeni, akakiweka kwenye magunia na kukitafutia bei.

Bei ikaubadilisha mji. Miaka ya 1920 pesa ya kahawa ilijenga nyumba za bati, ikanunua baiskeli na kusomesha watoto, na 1924 wasomi na wafanyabiashara wa Kihaya wakaunda Bukoba Bahaya Union. Serikali ya Waingereza, waliochukua nafasi ya Wajerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilipolazimisha kanuni zake za kutunza mibuni, mwaka 1937 wakulima waligoma na kuandamana. Walikuwa wameitunza miti hiyo tangu kwa babu zao, na sasa mgeni aliyeijua kwa miaka michache alikuja kuwaelekeza jinsi ya kuishika. Chama kikuu cha ushirika kikaja mwaka 1950, na miaka ya 1960 Bukoba ikapata kiwanda cha Tanica cha kahawa ya unga, ya kumiminiwa maji ya moto tu.

Kabla ya hayo, vita hivyo vya dunia vilikuwa vimeshafika hapa kwa maji. Juni 1915 Waingereza walipakia askari Kisumu, chini ya Brigedia Jenerali Stewart, wakateremka alfajiri ya tarehe 22 chini ya kilima cha kaskazini mwa mji. Miongoni mwao alikuwa Frederick Selous, mwindaji mwenye umri wa miaka 63, ambaye pori la akiba lilikuja kupewa jina lake. Siku ya pili mji ulianguka. Mnara wa simu ya upepo, ambao ndio waliokuja kuuvunja, ulivunjwa. Kisha maduka na nyumba zikaporwa, na jioni hiyohiyo washindi wakarudi melini. Vitabu vingi vya Kiingereza husimulia siku hizo mbili kama mchezo wa mashujaa. Havisemi sana juu ya mama aliyerudi mjini akakuta mlango wake hauna ubao.

Ziwa halikuacha kuleta na kuchukua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyotoka hapa na kupitia Kemondo, ilipinduka asubuhi karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi. Mamia walikufa. Nchi iliomboleza siku tatu. Bukoba haikupewa idadi ya siku, kwa sababu kila mtaa ulikuwa na nyumba iliyokuwa ikisubiri mtu. Kuna familia ambazo hata leo hupanda basi na kuzunguka ziwa kwa barabara, hata kama ni mbali zaidi na ghali zaidi, na hakuna anayewauliza sababu.

Kashai imeyapokea yote haya. Mto Kanoni unapofurika, kwa mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, mitaa ya chini ya mji huamka maji yakiwa ndani. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipasua kuta mjini na kuharibu Shule ya Ihungo. Watu walilala nje kwa siku kadhaa, wakipika pamoja, Mhaya na Msukuma na Mganda, kwa Kiswahili ambacho bandari ndiyo iliyokileta.

Kisha ikaja asubuhi ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022. Ndege iliyokuwa ikitua katika uwanja wa kando ya ziwa ilianguka majini ikiwa na watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi, kwa mitumbwi. Kijana mmoja, Majaliwa Jackson, alisimulia kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Watu 24 walitoka hai, 19 hawakutoka. Kisha wavuvi na wakaazi wa mji waliifunga ndege kwa kamba, wakasimama kwenye maji yaliyofika kifuani, wakaanza kuivuta kuelekea nchi kavu.