Nilitaka bahari Migori, nikapata fulu

Leo tuweke kando habari za programu na seva zinazogoma. Hapa mezani kwangu Migori, kando ya kompyuta, pana tangi la vioo la lita 120, na kila anayeingia huniuliza limetoka wapi. Jibu lake ni refu kidogo. Linaanzia baharini, ingawa kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800.

Nilikuwa nimeona picha za matangi ya maji chumvi yenye miamba na samaki wa rangi zote, nikasema hilo nalo nitaliweza, maana mtu aliyezoea kutafuta hitilafu usiku kucha hawezi kushindwa na sanduku la maji. Fundi wa vioo wa hapa mjini nilimpa vipimo: sentimita 100 kwa 30 kwa 40. Akaunganisha vioo kwa silikoni, akaniambia nisitie maji kabla ya wiki moja. Nilitii.

Shida ikawa maji yenyewe. Rafiki yangu mmoja wa Kendu Bay alinishauri nichote ya Simbi Nyaima. Wengi mnalijua ziwa lile la Homa Bay ambalo wazee husema lilimeza kijiji kizima kilichomnyima bibi kizee mahali pa kulala. Ni kweli maji yake yana chumvi, lakini ni chumvi ya magadi. pH yake inakaribia 10, ilhali ya bahari ni kama 8.2. Samaki wa bahari angekufa humo kabla hujamaliza kumpa jina. Basi nikaagiza mfuko wa chumvi ya kutengenezwa kutoka Nairobi, gramu 35 kwa kila lita, yaani zaidi ya kilo 4 kwa tangi zima.

Wazo la chumvi ya kuchanganya si geni. Mwingereza Philip Henry Gosse alikuwa na fomula yake ya maji ya bahari mwaka 1854, mwaka mmoja baada ya bustani ya wanyama ya London kufungua nyumba ya samaki iliyowahi kuliko zote kuonyeshwa kwa umma. Kitabu chake ndicho kilichowatia watu wengi wazimu wa akwaria. Walimiminika ufukweni na ndoo zao, wakachokora mabwawa ya miambani hadi mwanawe, Edmund, akaja kuandika kwa uchungu jinsi pwani aliyoijua utotoni ilivyoachwa tupu. Na aliyetuonyesha njia ya kufuga matumbawe nyumbani si mtu wa Ulaya. Ni Lee Chin Eng wa Jakarta, ambaye mwaka 1961 alieleza kwamba ukitia mawe kutoka baharini pamoja na viumbe vyake vyote, jua likaingia na mapovu ya hewa yakapita, tangi litajisafisha lenyewe. Kazi hiyo inafanywa na bakteria waliomo ndani ya mawe. Wanageuza amonia ya kinyesi kuwa nitriti, kisha nitrati.

Mimi nilisubiri bakteria wangu wiki sita. Matumbawe hai sikuyatafuta, maana yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES na sikutaka kesi. Nikanunua samaki wawili tu wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Wakaishi siku 19. Siku ya 20 stima ilipotea kwa saa 11, pampu ikanyamaza, na asubuhi nikawakuta wamelala ubavu juu ya maji.

Siku hizo dani alikuwa amekuja kutoka Muhuru Bay kwa matibabu ya macho. Akanitazama nikiwatoa samaki wale kwa kijiko.

"Nyakwara, hawa wawili uliwanunua pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akakaa kimya muda mrefu.

"Na fulu je? Fulu hafai kukaa kwenye kioo?"

Nilicheka. Kwangu mimi fulu ni kile kisamaki chenye miiba ambacho mama alitulazimisha kula. Dani hakucheka. Akaanza kunisimulia fulu wa usichana wake: waliokaa mawe, waliokaa mchanga, wenye midomo minene, wa bluu, wa manjano, waliotandazwa juani hadi ufuo wote ukanuka. Usiku ule nilianza kusoma, na sikulala.

Ziwa Victoria lilikauka karibu lote yapata miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Tangu hapo fulu walijigawa katika aina zinazokadiriwa kuzidi 500. Wapo waliovunja konokono, waliokwangua mwani, waliokula magamba ya wenzao, hata waliovizia majike na kuwanyang'anya watoto kinywani. Katika miaka ya 1970 fulu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Wakoloni waliwaona ni takataka, samaki wadogo wenye miiba mingi. Michael Graham, aliyelipima ziwa hili mwaka 1927 na 1928, alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake bila utafiti wa kina ni hatari kubwa. Hakusikilizwa. Mbuta alionekana upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na mapema miaka ya 1960 akatiwa rasmi, Kisumu ikiwemo.

Miaka 20 hivi ikapita kimya. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ghuba yetu ya Winam ikawa ya kwanza kufurika mbuta, kisha Uganda, kisha Tanzania. Fulu wakashuka hadi asilimia moja au mbili. Aina zipatazo 200 hazikuonekana tena, na nyingine zilikuwa hazijapewa hata jina la kisayansi.

Nisiwe mnafiki hapa. Karo ya baba ililipwa na mbuta, na yangu pia. Viwanda vya minofu vilileta pesa ambayo fulu asingeleta kamwe. Ila mbuta ana mafuta mengi, hakauki juani kama fulu. Anataka moto, na moto unataka kuni. Tazama vilima vyetu.

Sasa hapa ndipo akili yangu ya kazini ilipoamka. Kuanzia 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa Mwanza wakihesabu fulu, na baadhi waliwasafirisha wakiwa hai. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 matangi ya umma ya Marekani nayo yakaanzisha mpango wa kuwazalisha. Wapenzi wa akwaria wakajiunga, watu wa kawaida wenye matangi sebuleni. Fulu mwenye jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, leo ananunuliwa na watu wasioweza kuionyesha Mwanza kwenye ramani. Kwa lugha yetu sisi wa kompyuta, hiyo ni nakala rudufu iliyowekwa kwenye seva ya mbali. Data ilifutwa huku, nakala ikabaki kule.

Lakini aliyewahi kurejesha nakala ya zamani anajua maumivu yake. Mwaka 1965 Greenwood, aliyekuwa ameyafanyia kazi mazingira haya akiwa Jinja, alionyesha kwamba fulu mvunja konokono akikulia kwenye tangi na kulishwa chakula laini, mataya yake ya kooni yanakuwa membamba. Jina ni lile lile, samaki si yule. Na mfumo aliotoka nao umebadilika. Majike wa fulu huchagua dume kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake waliandika mwaka 1997 kwamba maji yakichafuka, rangi hazionekani na aina zinazokaribiana zinaanza kuchanganyika. Majaribio yao mengine waliyafanya ndani ya matangi. Walipobadilisha mwanga tofauti ya bluu na nyekundu ikapotea, na majike wakaacha kuchagua. Udongo wa vilima vile visivyo na miti unaishia wapi? Ziwani.

Wapo waliorudi wenyewe. Mbuta alipovuliwa sana katika miaka ya 1990, baadhi ya fulu wala viumbe wadogo waliongezeka tena, na wengine walikutwa na matamvua makubwa kuliko ya babu zao, ya kupumulia kwenye maji yenye hewa kidogo.

Basi nikamwaga maji chumvi, nikasuuza tangi, nikapanga mawe ya Muhuru. Mvuvi mmoja jirani ya dani aliniletea fulu saba walionasa miambani, kwenye ndoo yenye kifuniko. Dume mkubwa ana madoa ya manjano kwenye pezi la nyuma, yanafanana kabisa na mayai. Jike akishataga huyaokota mayai yake kinywani, kisha akiyaona yale madoa hudhani amesahau mengine, akiyadona ndipo dume hurutubisha. Baada ya hapo hali kwa wiki mbili au tatu, mashavu yamevimba.

Dani aligundua kabla yangu, kwa jicho moja lililokuwa limefunguliwa bandeji. "Yule ana watoto mdomoni. Msimsumbue."

Juzi amewatema, 17. Nimewatenga kwenye beseni na hawatarudi ziwani kamwe, sitaki kuwachanganya na wa huko. Pampu sasa inategemea betri ya pikipiki. Jana stima ilipotea saa tatu usiku, dani akaamka mwenyewe kuja kusikiliza kama mapovu bado yanalia.