Mtandao ukigoma unaposakinisha mfumo mpya wa tarakilishi

MTU aliyekwisha kufuta mfumo wa zamani wa tarakilishi yake, kisha mpya ukakwama katikati kwa kukosa mtandao, hujipata hana wa kale wala wa sasa.

Aghalabu chanzo huwa kimoja kati ya vinne: kadi ya mtandao, anwani, seva ya majina au saa. Vikague kwa utaratibu huo. Mifano ifuatayo ni ya Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux isiyolipishwa.

Kadi ya mtandao

Kadi nyingi za Wi-Fi hazifanyi kazi bila programu ndogo ya mtengenezaji. Debian haikuzijumlisha programu hizo katika nakala zake rasmi za usakinishaji hadi toleo la 12, lililotolewa Juni 2023. Mwenye nakala ya zamani apakue mpya.

Ikiwa Wi-Fi bado haionekani, tumia waya wa mtandao. Vilevile waweza kuunganisha simu ya Android kwa waya wa USB na kuiruhusu igawe intaneti. Tarakilishi huichukulia kama kadi ya waya. Ila chunga bando, kwani vifurushi vya programu hula data nyingi.

Anwani

Kwa kawaida ruta huipa tarakilishi anwani kwa utaratibu uitwao DHCP. Ukisakinisha kwa hali ya maandishi, bonyeza Alt na F2, kisha Enter, uandike: ip a. Anwani mithili ya 192.168.1.20 ni ishara kwamba ruta imejibu. Isipokuwapo, au ikianza kwa 169.254, ruta haikujibu. Kaza waya, zima ruta na kuiwasha tena, urejee kwa Alt na F1 na kujaribu upya.

Ikishindikana, chagua kuweka anwani kwa mkono. Utaulizwa anwani ya tarakilishi, ambayo isiwe inatumiwa na mashine nyingine. Kinyago cha mtandao, ambacho nyumbani huwa 255.255.255.0, anwani ya ruta, na seva ya majina.

Seva ya majina

Anwani ikiwa sawa lakini hazina ya programu haipatikani, huenda seva ya majina ina kosa. Jaribu 8.8.8.8, inayotolewa na Google bila malipo.

Saa

Tarakilishi kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa husahau tarehe. Tarehe ikiwa na kosa, tovuti salama hukataa kuunganishwa. Irekebishe kwanza.

Tahadhari

Wanaotumia Windows 11 pia wajihadhari: tangu 2022, matoleo ya Home na Pro hudai intaneti wakati wa kuandaa tarakilishi kwa matumizi ya kibinafsi.

Zaidi ya yote, kabla ya kufuta chochote, nakili faili zako kwingineko, kisha uwashe mfumo mpya moja kwa moja kutoka kwenye flashi na kujaribu mtandao. Ukifanya kazi hapo, ndipo uufute wa zamani.