Safu ya Lugha: Mwalimu

Katika vijiji vya Kianglikana vya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, mwalimu si wa shule peke yake. Kuna pia mwalimu wa kanisa, ambaye kwingine huitwa katekista au mwinjilisti.

Neno lina asili ya Kiarabu. Pwani lilikuwa tayari jina la heshima la anayefundisha Kurani, kabla misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) haijafungua kituo Masasi mwaka 1876. Wamisheni walilikuta, wakampa anayefundisha kusoma pamoja na katekisimu, mara nyingi chini ya paa moja. Mapadre Waafrika walikuja baadaye: mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekombolewa utumwani, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadre. Alihudumu kwa Wayao kule Chitangali.

Hadi leo padre mmoja huangalia makanisa kadhaa, naye huzunguka kwa zamu. Siku asipokuwepo, mwalimu ndiye agongaye kengele, aongozaye sala, afundishaye wanaojiandaa kwa ubatizo na kipaimara, na azikaye wafu. Mkate na divai havibariki. Hiyo ni kazi ya padre. Lakini mgonjwa akizidiwa usiku, mlango unaobishwa ni wake.

Wengi wao hulima ili wale, kwa kuwa posho ni ndogo au haipo. Tunapoandika historia ya parokia tukaorodhesha maaskofu na mapadre tu, tunawadhulumu. Majina ya walimu nayo yaandikwe, na posho yao iwekwe kwenye bajeti.