Usimamizi wa Benki na Kinga ya Amana Nchini Tanzania
Benki Kuu ya Tanzania (BoT), iliyoanza kazi Juni 1966, ndiyo yenye mamlaka ya kutoa leseni, kukagua na kufuta leseni za benki chini ya Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006. Benki inapofilisika, Bodi ya Bima ya Amana humlipa kila mteja fidia isiyozidi shilingi milioni 7.5, kiasi kinachozidi hapo husubiri mali za benki ziuzwe.

Kampuni za mikopo na wakopeshaji binafsi, walio daraja la pili katika Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, hawaruhusiwi kupokea amana. Fedha zilizowekwa kwao hazina kinga hiyo. Mwananchi anashauriwa kuhakiki leseni kabla ya kuweka akiba yake.