Kapilari na Historia ya Ujuzi wa Mishipa ya Damu: Kutoka Galen hadi Malpighi

Mishipa ya damu ya binadamu imegawanyika katika aina tatu: ateri zinazotoa damu moyoni, vena zinazoirudisha, na kapilari zinazoziunganisha hizo mbili. Kapilari ndimo oksijeni na virutubisho vinamopita kwenda kwenye seli, lakini ndizo zilizojulikana mwisho kabisa.

Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, alirithi dai kwamba ateri hubeba hewa. Dai hilo halikuwa la kipuuzi, kwani ateri za maiti huwa karibu tupu. Galen aliifunga ateri ya mnyama aliye hai kwa uzi sehemu mbili, akaipasua katikati, akakuta damu. Hata hivyo aliendelea kuamini kwamba damu hutengenezwa na ini kutokana na chakula, kisha huishia mwilini kama maji yanavyonywewa na shamba. Ili kueleza jinsi damu inavyofika upande wa kushoto wa moyo, alidai kuwa ukuta wa katikati una vitundu visivyoonekana. Vitundu hivyo havikuwapo, lakini viliaminiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Aliyevikana mapema ni Ibn al-Nafis, tabibu wa Dameski aliyehamia Kairo. Katika ufafanuzi wake wa anatomia ya Ibn Sina, karne ya 13, alisema ukuta huo ni mnene na haupitishi kitu. Kwa hiyo damu haina budi kupitia mapafuni. Hoja hiyo ilisahauliwa mpaka muswada wake ulipotambuliwa Berlin mwaka 1924.

William Harvey wa Uingereza alitumia hesabu. Alikadiria damu inayosukumwa kwa pigo moja, akaizidisha kwa idadi ya mapigo, akaona kwamba katika nusu saa moyo hutoa damu kuliko iliyomo mwilini kote. Hakuna chakula kinachoweza kutengeneza kiasi hicho. Basi damu ni ileile, inazunguka. Alithibitisha kwa kufunga mkono wa mtu. Kamba ikikazwa sana, pigo la kifundo hupotea na kiganja hupoa. Ikilegezwa kidogo, vena huvimba chini ya kamba, kwa kuwa ateri zilizo ndani zaidi zimefunguka ilhali vena zingali zimebanwa. Vali za vena, ambazo Fabricius, mwalimu wake wa Padua, alidhani hupunguza tu kasi ya damu, Harvey alizionesha kuwa milango ya njia moja kuelekea moyoni. Haya yote aliyachapisha mwaka 1628.

Pengo moja lilibaki, nalo wapinzani wake hawakukosea kuliona: damu huvukaje kutoka ateri hadi vena? Harvey alikisia kuwa huchujwa katika nyama. Alifariki mwaka 1657. Mwaka 1661, Marcello Malpighi wa Bologna alitazama pafu la chura kwa hadubini akaona mishipa myembamba mno, na damu ikiwa ndani yake, haikumwagika popote.

Kwa wagonjwa, mabadiliko yalichelewa. Tiba ya kupasua vena ili kutoa damu, iliyojengwa juu ya fikra za kale, iliendelea hadi karne ya 19. Harvey mwenyewe hakuikataa.