Sarafu ya Yongle: nani aliileta Manda?

Machi 2013, Makumbusho ya Field ya Chicago yalitangaza kwamba kisiwani Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka mji wa Lamu, imepatikana sarafu ya Kichina ya mwanzo wa karne ya 15. Msafara uliongozwa na mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, wakati huo akiwa na makumbusho hayo, pamoja na Sloan Williams wa Chuo Kikuu cha Illinois kilichopo Chicago. Miaka mitatu kabla, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Peking na wenzao wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walikuwa wamepata sarafu ya aina hiyohiyo Mambrui, kaskazini ya Malindi. Vyombo vya habari havikungoja. Jina la Zheng He, amiri wa majini wa nasaba ya Ming, likawekwa kwenye vichwa vya habari kana kwamba sarafu zenyewe zimelitaja.

Hazikulitaja. Zilichosema ni maneno manne, na kuyasoma si kazi kubwa kama inavyodhaniwa. Sarafu ya Kichina ya zamani ni ya mviringo, yenye tundu la mraba katikati, na maandishi yake yamezunguka tundu hilo. Katika hizi unaanza juu, unashuka chini, unakwenda kulia, unamalizia kushoto: Yong, Le, tong, bao. Maneno mawili ya mwanzo ni jina la enzi ya kaizari, na mawili ya mwisho yanaitambulisha kuwa fedha halali ya kutumika kote. Enzi ya Yongle ilihesabiwa kuanzia 1403 hadi 1424, na sarafu zenye jina hilo zilianza kutengenezwa 1408. Mgongo wake ni mtupu. Upana ni takriban milimita 25, uzito gramu tatu na nusu hadi nne.

Muundo huo ulikuwa mkongwe hata kwa Yongle. Nasaba ya Tang ndiyo iliyouweka mwaka 621, ilipotoa sarafu ya Kaiyuan tongbao na kupanga kwamba sarafu kumi zilingane na uzito wa liang moja. Tangu hapo kaizari baada ya kaizari walibadilisha jina na kuacha umbo. Ndiyo maana mtu asiyejua herufi anaweza kuona sarafu zilizopishana miaka elfu moja akadhani zimetoka siku moja. Wavietnamu na Wajapani nao waliiga umbo hilohilo, na siku hizi maduka ya hirizi na mapambo yanauza nakala kwa wingi.

Sarafu za Kichina hazikugongwa muhuri kama zile za masultani wa Kilwa. Zilimiminwa. Mafundi walikandamiza sarafu ya mfano kwenye kalibu ya mchanga laini, wakachora mifereji, kisha wakamimina shaba iliyochanganywa na risasi na bati. Ikishapoa, kalibu ilitoa mti wa madini wenye sarafu zikining'inia pande zote kama matunda. Walizikata, wakazipanga kwenye fimbo ya pembe nne ili zisizunguke, wakazipiga tupa kingo zote kwa pamoja. Tundu la mraba lilifaa hapo karakanani, na baadaye sokoni watu walipitisha uzi humo wakabeba sarafu kwa mamia. Tangazo la Chicago lilieleza kwamba tundu lilikuwa la kuvalia sarafu kwenye mkanda, na kwamba ndani yake mna fedha pamoja na shaba. Maelezo hayo mimi siyakubali kirahisi. Sarafu hizi za shaba zilikuwa za kununulia mboga na mchele, na uzi ulitosha.

Turudi kwa Zheng He. Alifunga safari saba kati ya 1405 na 1433, na ile ya tano, ya 1417 hadi 1419, ilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Tayari mwaka 1415 Malindi ilikuwa imepeleka twiga katika ikulu ya Ming. Hayo yameandikwa na Wachina wenyewe. Mambrui ilichimbwa kwa sababu baadhi ya watafiti wanaiona kuwa ndiyo Malindi ya nyakati hizo, na kaburi lake la mnara limepambwa kwa bakuli za kauri za Kichina. Profesa Qin Dashu wa Peking alieleza kwamba sarafu za aina ile zilibebwa na wajumbe wa kaizari peke yao.

Hoja hiyo ndiyo inayonitatiza. Ndani ya China, serikali ya Ming ilikuwa ikisukuma watu watumie noti za karatasi, na sarafu za Yongle kwa sehemu kubwa zilikwenda nje. Japani zilipokelewa kwa wingi mno hata zikawa fedha ya kawaida ya nchi kwa zaidi ya karne moja, kwa matamshi yao Eiraku. Mbabe wa vita Oda Nobunaga alizichora kwenye bendera zake katika karne ya 16, na serikali ya huko ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 1608. Sarafu iliyoenea kiasi hicho ingeweza kufika Manda mkononi mwa baharia wa Kigujarati, au kwenye kifuko cha mfanyabiashara wa Hormuz, bila jahazi hata moja la Kichina kutia nanga Lamu.

Na pwani hii ina sarafu za Kichina zilizotengenezwa kabla Zheng He hajazaliwa. Hazina iliyofukuliwa Kajengwa, karibu na Makunduchi, Unguja, mwaka 1945, ilikuwa hasa na sarafu za nasaba ya Song, iliyotawala kuanzia 960 hadi 1279. Wasong walitengeneza fedha kwa kiwango cha kustaajabisha: karibu mwaka 1080 karakana zao zilitoa zaidi ya mishikizo milioni tano kwa mwaka, kila mshikizo ukihesabiwa kuwa sarafu elfu. Sheria ilikataza kuzitoa nje. Zilitoka. Tena ziliendelea kutumika miaka mia mbili au mia tatu baada ya aliyezitoa kufa, na hapo ndipo wengi wanapokosea: enzi inayosomeka kwenye sarafu ni ya kuzaliwa kwake, na kuzikwa kwake kunaweza kuja baadaye sana.

Kwamba sarafu husafiri bila Wachina kunaonekana kwingine pia: mwaka 2011, wataalamu waliokuwa wakikagua njia ya mgodi huko Yukon, Kanada, walitoa ardhini sarafu ya Kichina ya enzi ya Kangxi. Mgongoni mwa sarafu za enzi hiyo huwa mna alama ya karakana, kwa hiyo waliweza kusema imetoka jimbo la Zhili, kati ya 1667 na 1671. Hakuna aliyedai Mchina alitembea msituni Yukon. Warusi walinunua ngozi za wanyama kwa Watlingit wa pwani, wakawalipa kwa bidhaa zikiwamo sarafu za Kichina, nao Watlingit wakafanya biashara na watu wa bara. Ile ya Yukon ilikuwa imetobolewa matundu mengine manne madogo, pengine ili ishonwe kwenye vazi.

Uingereza, ambako watu wengi hutembea mashambani na mashine za kugundua metali kama burudani ya Jumapili, sarafu za Kichina hujitokeza mara kwa mara, nyingi zikiwa za karne ya 18 na 19, masalio ya mabaharia na askari. Lakini Buriton, Hampshire, ilipatikana moja ya Song, ya kati ya 1068 na 1077, katika shamba lililotoa pia vitu vya Zama za Kati. Je, iliangushwa zama hizo, au na mkusanyaji wa juzi? Mashine ikishalia na sarafu ikang'olewa kwenye udongo uliolimwa mara elfu, hakuna tabaka la kumjibu mtu.

Manda na Mambrui zinawashinda Waingereza hapo. Sarafu ilitoka kwenye mashimo yaliyopimwa, na udongo ulioizunguka una vigae, shanga na mkaa vinavyoweza kutajiwa umri. Kwetu, mashine hizo za kugundua metali zinajulikana zaidi kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, na kutafuta mambo ya kale bila kibali ni kosa kwa sheria ya Kenya ya 2006 na ya Tanzania ya 1964. Anayeokota sarafu kwa bahati, ufukweni baada ya kusi au akichimba msingi wa nyumba, asiisugue kwa ndimu na majivu: kutu ya kijani inashikilia herufi. Apige picha pande zote mbili, apime upana na uzito, aandike ilikuwa kina gani, kisha aipeleke makumbusho.

Hilo la kuandika mahali lina thamani kubwa kuliko sarafu yenyewe. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yake, sarafu tano za Kilwa pamoja na nyingine za Kiholanzi. Alizihifadhi nyumbani hadi 1979 ndipo akazipeleka makumbusho. Nani aliyezifikisha huko bado watu wanabishana. Ila Isenberg alikuwa ametia alama ya X kwenye ramani, na mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliifuata alama hiyo na timu yake kwenda kutafuta upya.