Kazi bunifu za fasihi zipimwe kwa kipimo cha takhmisa

Mwanafunzi akisoma riwaya kisha akaitungia wimbo, akachora ramani ya safari ya mhusika au akaandika sura ambayo mwandishi mwenyewe hakuiandika, mwalimu ampe alama kwa lipi? Swali hili limewakosesha usingizi walimu wengi wa Kiswahili tangu mtaala wa umilisi uingie sekondari ya chini na sasa sekondari pevu. Wapo wanaodai kwamba ni mzigo mpya tulioletewa kutoka ng'ambo. Mimi naona swali lenyewe ni kongwe, na pwani yetu ilikwisha kulijibu kabla hatujapata baraza la mitihani.

Tuanze na takhmisa. Mshairi alichukua beti za mtangulizi wake, akaongeza mishororo mitatu juu ya kila ubeti ili upatikane ubeti wa mishororo mitano. Katika ulimwengu wa Kiislamu, kasida ya Burdai ya al-Busiri imetungiwa takhmisa nyingi sana. Kwetu, inayojulikana zaidi ni takhmisa ya mashairi ya Fumo Liyongo, ambayo huhusishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi yule yule tunayemkumbuka kwa Al-Inkishafi. Hiyo ndiyo kazi bunifu iliyojengwa juu ya utungo wa kale. Na kipimo chake kilikuwa kikali. Mishororo mitatu ya mtungaji mpya ilipaswa kushika kina cha mwenye shairi na kuelekea kwenye maana yake. Asiyeuelewa ubeti wa Liyongo hangeweza kuupandia. Hapo kusoma na kubuni vilikuwa kitendo kimoja.

Kipimo cha pili kilikuwa cha majibizano. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, alitupiana mashairi na washairi wa Lamu katika enzi ambayo miji hiyo miwili ilikuwa na uhasama. Aliyejibu alitakiwa kuijibu hoja iliyoletwa, si kuimba lake pembeni. Muyaka alikuwa mshairi wa upande wa Wamazrui. Utawala wao ulipoangushwa na Seyyid Said mnamo 1837, baadhi yao walikwenda kaskazini Takaungu na wengine wakashuka kusini hadi Gazi, kijiji kilicho kati ya Diani na Msambweni. Kwa hivyo mwanafunzi wa Kwale anayeambiwa leo atunge jibu kwa kitabu alichosoma hafundishwi ugeni. Anakumbushwa jambo lililopita mlangoni pake.

Mbona basi tukausahau utaratibu huu? Jibu liko katika historia ya mitihani. Tulirithi mtihani wa Cambridge, tukaunda Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mnamo 1967, kisha Kenya ikapata baraza lake mnamo 1980. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikipa Kiswahili hadhi ya somo la lazima, na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Yeyote aliyepitia mfumo huo analijua swali la dondoo: eleza muktadha wa maneno haya, alama nne. Hapo mwanafunzi alipaswa kukumbuka nani alisema, akimwambia nani, wapi na kwa nini. Wajanja wakaona hakuna haja ya riwaya nzima. Mwongozo wa kurasa chache ulitosha. Ubunifu ulihamia jukwaani, kwenye tamasha la drama la shule ambalo historia yake inaanzia 1959. Huko mwanafunzi alishangiliwa na kupewa kombe, lakini kikombe hicho hakikuingia katika cheti chake cha Kiswahili.

Nisiwe mwenye kuponda tu. Mtihani ule ulikuwa na haki yake. Mtoto wa Lungalunga na mtoto wa Nairobi walijibu swali moja, wakasahihishwa na mtu asiyewajua kwa sura wala kwa ukoo. Tukiacha njia hiyo bila kuweka kipimo kingine cha haki, atakayeumia ni yule wa Lungalunga.

Hofu hiyo si ya kubuni. Hivi karibuni mwalimu mmoja wa upande wa Msambweni aliniomba tukae naye kupitia kazi za wanafunzi wake waliosoma Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa 1996. Riwaya hiyo inawafaa watoto wa kusini mwa pwani, maana Kongowea Mswahili anakulia Tanga kisha anafunga safari kuja Kenya kumtafuta baba yake Kitale. Ukitoka Tanga kuelekea Mombasa kwa barabara, utapita Lungalunga, Msambweni na Ukunda.

Kazi iliyovutia macho ilikuwa mfano wa bandari ya Tanga uliojengwa kwa kadibodi, pamba na rangi, na maelezo yake yamechapishwa saiba kwa karatasi za kumetameta. "Ustadhi, hii imezidisha matarajio, haina mjadala," mwenzangu akasema. Kando yake kulikuwa na kurasa mbili za fulskepu za msichana mmoja, zimeandikwa kwa kalamu iliyokuwa ikiishiwa wino. "Na huyu je? Hana hata picha, halafu kachanganya Kidigo humu ndani." Nikamwambia, "Hebu tuisome kwanza, mwalimu."

Msichana yule alikuwa amembunia Kongowea usiku mmoja Msambweni. Bibi mmoja anampokea, anampa maji, kisha anamuuliza swali ambalo kila mgeni wa vijijini kwetu huulizwa: wewe mwana wa nani? Bibi anauliza kwa Kidigo, kwa heshima tu. Kongowea anashindwa kujibu. Basi, sura inaishia hapo. Mtoto yule alikuwa ameona kwamba salamu ya kawaida ya kwao ndiyo swali zito kuliko yote kwa kijana anayemtafuta baba. Mwenye bandari tulipomuuliza meli zake zinamhusu vipi Kongowea, alijibu, "Si Tanga kuna bandari?" Mikono yake ilikuwa hodari, ila kazi ile ingeweza kufanywa na mtu ambaye hajafungua kitabu.

Kuhusu Kidigo, tuwe waangalifu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kuanzia 1930, lakini kusini mwa pwani ya Kenya kuna Kivumba cha Wasini na Vanga, kuna Kichifundi, na jirani zao Wadigo wana lugha yao. H. E. Lambert aliviandikia vitabu Kivumba mnamo 1957 na Kichifundi mnamo 1958, akavichukulia kuwa lahaja kamili zenye sarufi zake. Msimulizi akiteleza katika sarufi ya sanifu, mwalimu amsahihishe. Mhusika akisema kama wasemavyo watu wa mahali pake, hilo si kosa. Ni uamuzi wa kisanaa, na uhukumiwe hivyo.

Napendekeza basi kipimo hiki kwa kazi ya alama 20. Alama 8 ziende kwa usomaji: je, kazi inaonyesha kitu katika riwaya ambacho asiyeisoma hangekiona? Alama 5 kwa ubunifu wenyewe, 4 kwa lugha au ustadi wa umbo alilolichagua, na 3 kwa utetezi. Utetezi ni mazungumzo ya dakika tano: mwanafunzi aeleze kwa nini aliamua hivi na si vile, akiwa na riwaya mkononi. Dakika hizo zitatenganisha kazi ya mwanafunzi na kazi ya mzazi, ya saiba au ya akili mnemba. Gharama ya vifaa isipewe alama hata moja.

Najua darasa la wanafunzi 60 litamlemea mwalimu. Afadhali basi kazi moja kwa muhula iliyopimwa vizuri kuliko tano zilizopimwa kwa kutupia jicho. Tathmini ya shuleni imekuwa sehemu ya alama za kitaifa: katika KJSEA ya kwanza mnamo 2025, asilimia 20 ilitokana nayo. Si mchezo tena. Walimu wa Kwale wakutane kabla ya muhula kwisha, kila mmoja aje na kazi tatu za wanafunzi wake, wazipime pamoja bila majina, kisha walinganishe alama. Watatofautiana, na hapo ndipo kipimo cha haki kitaanza kupatikana.